Karatasi ya Siku Tatu

Mama,

Jana Feruzi alivuka daraja la Lukenda juu ya kinga mpya, baiskeli ya kung'aa, suti ya kijivu, miwani myeusi usoni kama mtu anayeumwa macho, akaenda ng'ambo kula wali na kuku kwa shefu, mtawala wetu wa kule. Shefu yule yule! Yule aliyetuambia kwamba ni nyoka, kwamba tukikaa chini yake mwaka mmoja zaidi watoto wetu watazaliwa watumwa. Walikaa barazani wawili, wakala sahani moja, na waliopita barabarani walimwona Feruzi akimchagulia shefu paja la kuku. Pale darajani hakuna aliyemwuliza karatasi. Gogo la kizuizi liliondolewa zamani, mama mmoja amelipasua kuni.

Ndiyo sababu nimekaa kuandika. Umelala kaburini miezi saba, na miezi yote hiyo nimekuombea kwa maneno ya kitabu tu, kwa kuwa ya kwangu yalinikwama. Leo yametoka, na yametoka na hasira. Hasira hii si yako. Nyingi ni ya hawa watu, na iliyobaki ni yangu mwenyewe.

Wewe ulimjua Feruzi kabla yetu sote. Ulisema, "Ule mutu anakusalimia, lakini macho yake yanaangalia kiti chako." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mama asiyependa watu wanaopaka mafuta mengi nywele. Kumbe ulikuwa umemsoma, wewe usiyejua kusoma.

Alikuwa karani kwenye baraza la shefu ng'ambo. Shefu akamtoa, akamweka mpwa wake. Ni hilo tu, Mama. Nimechimba miezi saba nikitafuta sababu nyingine ya vita yetu na sijaipata. Mtu alinyang'anywa kiti, akarudi kijijini akatangaza kwamba nchi imenyang'anywa. Kisha akaenda Kasongo wiki tatu, akasikiliza wanasiasa wanaongea juu ya uhuru unaokuja, akarudi na miwani na maneno. Komite. Mpaka. Kujitenga. Akasema sisi wa upande huu wa Lukenda tangu zamani ni watu mbali, na wale wa upande ule ni watu mbali, na kabla Wabelgiji hawajaondoka lazima tuwe na shefu wetu, baraza letu, muhuri wetu.

Watu mbali! Kijito ambacho wakati wa kiangazi mbuzi anavuka bila kulowesha tumbo. Tunakula sombe ile ile ya majani ya muhogo, tunazika kwa nyimbo zile zile, nusu ya wanawake wa huku wamezaliwa kule na nusu ya wa kule wamezaliwa huku. Wewe mwenyewe ulikuja ng'ambo hii ukiwa msichana, umebeba mtungi na mkeka, ukaolewa na Baba, ukazaa sita, ukazika watano na Baba mwenyewe katika udongo huu. Miaka thelathini na tano. Watu walikuita Mama Mwalimu, kwa sababu yangu. Hakuna aliyekumbuka kwamba umetoka mahali.

Kwa nini walimfuata? Nimewaza sana juu ya hilo, darasani, shambani, hata kanisani wakati padri anahubiri. Feruzi mmoja hawezi kukata nchi. Anahitaji mikono. Na mikono ilikuja, Mama, kila mkono na njaa yake.

Jirani yetu Kalonda alikuja kwa sababu ya michikichi yetu. Ile kumi na miwili nyuma ya nyumba, uliyoipanda na Baba. Aliitamani tangu nikiwa mdogo. Aliposikia kwamba watu wa ng'ambo hawatakuwa na mashamba huku, alipiga makofi kuliko wote, yeye mwenye ugonjwa wa mabega. Sumaili mwindaji alitaka msitu wa kule juu uwe wake peke yake. Katekista wetu, mtu wa Mungu, alitaka sherehe ya kumpokea askofu ifanyike kwetu siyo kwao, kwa sababu mwaka ule askofu alipopita alilala kwao. Vijana walitaka kitu chochote. Ungewapa ngoma wangecheza, walikosa ngoma wakapewa mapanga.

Na wengi walikuja kwa sababu ya pamba. Hapa nitasema kwa haki, kwa sababu pamba iliwaumiza kweli. Kila mwaka shamba la pamba mbele, mupunga nyuma. Usipolima, fimbo na gereza. Feruzi akawaambia pamba ililetwa na shefu wa ng'ambo, tukijitenga naye, pamba itakwisha. Watu wazima walimwamini. Watu ambao walimwona kwa macho yao mzungu wa pamba akipima mashamba kwa kamba! Lakini Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, ana bunduki, na watu wa ng'ambo wana majembe. Mtu akiumizwa na mwenye bunduki anatafuta mwenye jembe wa kumpiga. Huo ndio ushujaa tulioushangilia chini ya paa la komite, na mbegu za pamba mwaka huu tumezipokea kama mwaka jana.

Sasa mimi. Usinitazame hivyo.

Feruzi alihitaji letre, barua ya kumpelekea mzungu mkuu wa teritwari kule Kabambare. Yeye anaandika kama kuku anayetafuta mchwa. Alikuja shuleni saa ya mapumziko, akaniita Bwana Sekretere mbele ya wanafunzi. Alinipa kiti chenye mgongo. Alisema nchi mpya itahitaji mkuu wa shule, na kwamba mzaliwa wa hapa mwenye mwandiko kama wangu hawezi kubaki mwalimu wa darasa la pili milele. Ndiyo bei yangu, Mama. Kiti chenye mgongo na jina la Kifaransa.

Niliandika kurasa nne. Niliandika vizuri, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilitafuta maneno kama mtu anayechagua mawe ya msingi. Feruzi aliropoka, mimi nikampa sarufi. Karibu na mwisho akasema, "Weka hii: wageni wa ng'ambo wenye kukaa kati yetu warudi kwao." Kalamu ilisimama. Nilikuona wewe, umeinama juu ya kinu. Nikajiambia kwamba wewe si mgeni, wewe ni Mama, neno halikuhusu. Nikaandika.

Nawe jioni ile uliniuliza, "Umeandika nini mchana mzima? Vidole vyako vyeusi." Nikasema, "Mambo ya barabara." Ukaniletea majivu na maji ninawe.

Mzungu hakujibu. Alikuwa akifunga masanduku yake, nadhani. Basi Feruzi akasema hatuhitaji jibu, akalaza gogo darajani na kuweka vijana. Ramazani alikuwa mkubwa wao, yule niliyemfundisha akatoroka darasa la pili kwa sababu ya hesabu. Kwanza walizuia chumvi. Halafu samaki. Halafu wakamfukuza muuguzi wa dispensari yetu, kwa kuwa amezaliwa ng'ambo. Alikuwa ametibu macho ya nusu ya kijiji hiki. Aliondoka na mfuko mmoja begani, na komite ikafunga dispensari kwa kufuli, ikasema tutaletewa muuguzi wa damu yetu. Mpaka leo kufuli lipo.

Wewe ulikuwa unatwanga wakati anapita. Uliacha mchi, ukamsindikiza hadi darajani ukiwa na unga mikononi. Uliporudi ulisema neno moja tu: "Mbwa anajua nani anamupa mufupa."

Halafu siku ile ya Alhamisi walipiga kelele kutoka upande wa pili. Binti wa Mjomba Yakobo alikuwa na uchungu tangu juzi, mtoto amekaa vibaya. Ulichukua kitambaa chako cha ukunga na chupa ya mafuta. Nilikuwa nyumbani, nilikuwa nakunywa chai. Nilisema, "Mama, watakuzuia." Ukasema, "Mutoto anazuiwa na nani?" Ukaenda. Ramazani alikuambia ukivuka hutarudi, wewe ukampita kama unavyopita mbuzi wa watu.

Mtoto alitoka Ijumaa, mzima. Jumamosi asubuhi ulikuja darajani kurudi nyumbani, nao wakakufungia. Ulikaa chini upande ule, kwenye jiwe, ukajifunika jani la mgomba. Ilikuwa imeanza mvua. Mjomba alikuja mara tatu kukuita ulale kwake. Ulimwambia, "Nikirudi leo watasema nimekubali." Ulikaa Jumamosi ile yote, na usiku wake, na asubuhi ya Jumapili. Mimi sikujua, Mama. Naapa kwa hiyo misa niliyokuwa nikiiimba wakati wewe unalowa. Nilidhani umekaa kwa ndugu yako. Niliambiwa na mwanamke aliyekwenda kuchota maji.

Nilikimbia kwa Feruzi, siyo darajani. Angalia jinsi nilivyokuwa nimekwisha kuharibika: miguu yangu yenyewe ilijua kwamba mama hapiti bila karatasi. Alikuwa akinyolewa ndevu. Alinisubirisha hadi shavu la pili likaisha. Kisha akasema hakuna shida, Mama Mwalimu ni mama yetu sote, lakini sheria ni sheria, tukimpitisha mmoja bure kesho watakuja mia. "Wewe ni sekretere. Andika." Akasema maneno, nami nikayaandika: *Mgeni huyu, mwanamke wa ng'ambo, anaruhusiwa kukaa siku tatu.*

Siku tatu katika nyumba yako.

Nilipofika darajani ulisimama. Nguo zilikuwa zimekuganda mwilini. Nilimpa Ramazani karatasi, akaigeuza, akaishika kichwa chini, akanirudishia. "Mwalimu, soma."

Hakuna hata mmoja pale aliyejua kusoma. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusoma: mama huyu ni wa hapa, apite na asiulizwe tena. Karatasi ingekubali, Ramazani angekubali, nawe ungevuka kwa jina lako. Niliiangalia ile karatasi, nikaogopa. Niliogopa nini, sijui hata leo. Labda niliogopa kwamba Feruzi angejua. Nikasoma kama ilivyoandikwa, kwa sauti ya darasani, mgeni huyu, mwanamke wa ng'ambo, hadi mwisho. Na wewe umesimama hatua tano mbele yangu.

Ulisema, "Siku tatu. Basi nipite, nisizimalize hapa."

Ulianza kukohoa njiani. Usiku joto lilipanda. Asubuhi nilikwenda kuvunja kufuli la dispensari, wakanizuia, wakasema dawa ni mali ya nchi. Nchi, Mama! Nchi ilikuwa na umri wa wiki tano, na mali yake yote ilikuwa chupa za dawa ambazo hakuna aliyejua kuzitumia. Muuguzi alikuwa mwendo wa saa moja, ng'ambo. Alituma neno yuko tayari kuja. Kizuizini wakasema hana karatasi.

Siku ya nne vijana walikuja mlangoni kukumbusha kwamba muda umekwisha. Walisimama na mapanga yao, wawili, wanaona haya kidogo. Sauti yako ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba, lakini walikusikia: "Waambie nimechelewa. Niko na fujo, mimi mugeni." Ukacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Siku ya tano, kabla ya mchana, ulikwenda.

Sasa nikueleze usiyoyaona.

Ndugu zako walikuja kukuzika. Walikuja bila silaha, Mjomba Yakobo mbele, wanawe nyuma yake, na mbuzi na shuka nyeupe, kama ndugu wanavyopaswa kuja. Unajua mwanamke hazikwi bila ndugu zake kusema neno. Ramazani aliwauliza karatasi. Kwa maiti! Mulamba, mwana wa Mjomba, alishika gogo akalisukuma. Ramazani akamkata begani. Halafu sijui nani na nani. Mulamba alikufa pale. Ramazani alikufa pale, na mwingine wa huku. Jioni ghala za mupunga za ng'ambo zilikuwa zinaungua, kesho yake nyumba zetu za kando ya mto. Siku nne hivyo. Feruzi hakuwapo. Alikuwa Kasongo, kwenye mkutano, akieleza jinsi damu yetu inavyomwagika. Damu yetu ilimwagika kweli. Ya kwake ilikuwa kivulini, inakunywa limonadi.

Nikakuzika peke yangu na katekista, haraka haraka, bila ndugu. Katekista aliruka sala ya pili kwa sababu alisikia kelele.

Askari wa Bula Matari walikuja kutoka Kabambare na mzungu mmoja kijana aliyechoka. Walifyatua mara mbili hewani, na watu waliokuwa wamekula kiapo kufia mpaka wakaingia vichakani kama kanga. Nilimwona Kalonda akijificha kwenye choo cha katekista. Wakachukua vijana wanane, wakalaza mbao mpya darajani, mzungu akasoma karatasi kwamba sheferi, nchi ya shefu, ni moja kama zamani, akaondoka. Ikaisha. Ilikwisha kwa mtu mmoja kusoma mistari sita bila hata kutoa kofia.

Feruzi alirudi baada ya wiki mbili. Alikuja kunipa pole. Alikaa kwenye kigoda chako, akavua miwani, akasema, "Mwalimu, kila nchi inazaliwa na damu." Nikamwongezea chai, kwa kuwa bado nilikuwa yule yule. Lakini jibu lilikuwa lako. Wewe umezalisha wanawake wa pande zote mbili kwa miaka mingapi? Unaijua damu ya kuzaa. Ile ina mtoto nyuma yake. Ungemwuliza Feruzi yake ina nini nyuma yake, naye angetazama nyuma angeona suruali yake tu.

Na watu? Ungedhani wangempiga mawe. Wanampungia mkono. Kila mmoja anasema hakuwepo siku ile, au alikuwepo lakini nyuma. Kalonda anasema alisukumwa. Sumaili anasema ni vijana. Wazazi wa vijana wanasema ni Feruzi. Feruzi anasema ni watu walitaka, yeye ni mtumishi wa watu. Niliuliza darasani nani alilaza gogo darajani, mtoto mmoja akajibu, "Ni mvua, Mwalimu." Hata mimi nilitaka kumpa alama.

Wiki iliyopita alikuja tena, huyo mtumishi wa watu. Amepata wazo jipya. Uhuru umebaki miezi michache, na sasa yeye na shefu wa ng'ambo wameelewana, maana wamegundua kwamba adui si wao kwa wao, adui ni wale wakubwa wa jimbo. Sasa tukate yote, Kabambare na Kasongo na kila kijiji katikati, tuwe peke yetu. Shefu atakuwa rais, yeye atakuwa wa pili. Alivuta kiti. "Andika, Bwana Sekretere: tangu zamani sisi na watu wa ng'ambo ni damu moja."

Damu moja! Kinywa kile kile. Hata hakukohoa. Na nje niliwasikia watu wamekwisha kukusanyika, Kalonda mbele, tayari kupiga makofi. Nadhani safari hii ametamani michikichi ya mtu wa mbali.

Nikamwambia aandike mwenyewe.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Ningeogopa mapema."

Akatoka. Amesema nimeisaliti nchi. Hakusema ipi, ile ya wiki tano au hii ambayo haijazaliwa.

Baada ya hapo sikuweza kukaa. Jumamosi nilivuka kwenda kwa Mjomba Yakobo. Tangu msiba sikuwa nimetia mguu kule. Walikuwa wanapepeta mupunga uani, binti yake na mtoto mgongoni, yule uliyemzalisha, ana mashavu makubwa. Mjomba hakunyosha mkono. Nilisimama jua likanipiga. Nikasema mbele ya wote kwamba ile letre ya kurasa nne niliiandika mimi, na neno la wageni niliandika mimi, na karatasi ya siku tatu pia. Nilisema Mulamba alikufa kwa sababu ya mwandiko wangu.

Mjomba aliendelea kuchambua mchele hata nikadhani hakusikia. Halafu akasema:

"Tulijua. Mzungu wa Kabambare alimutumia shefu ile letre ajibu. Ijumaa ile karani alitusomea hapa. Mama yako alikuwa palepale, ametoka kuzalisha, mikono ingali na mafuta. Ikasomwa mpaka pale pa wageni. Akaomba aishike. Akaigeuza, akasema, 'Hii ni mukono ya mutoto wangu. Muone vile mistari inakwenda sawa.'"

Mama.

"Nikamwambia, basi umesikia, baki kwetu. Akasema, 'Mwenye kuandika hivi ni mupumbavu, na mupumbavu hajui kujipikia. Mimi narudi kwangu.'"

Kwa hiyo ulijua. Ulikaa juu ya lile jiwe, siku nzima na usiku na asubuhi, ukijua. Uliponiona nakuja na karatasi ulijua nani ameiandika kabla sijafungua kinywa. Ulinisikiliza nikisoma. Siku tano nilikuwa nakupa maji kwa kijiko na hukusema kitu. Ulinitazama tu, nami nilidhani ni homa.

Sijui nifanye nini na hilo. Nimelirudia kichwani siku nne. Ningependa ungenitukana. Ungenitukana pale darajani, mbele ya Ramazani, ningetembea na matusi yako maisha yangu yote kama mtu anayetembea na fimbo nzuri.

Mjomba alinipa kigoda. Binti yake alileta bugali. Nikala. Nilipoondoka Mjomba alisema watakuja Jumamosi hii, yeye na waliobaki, na mbuzi na shuka, kumaliza kazi iliyokatwa. Watasema neno lao juu ya kaburi lako. Nitakuwa darajani kuwapokea, na nitatembea mbele yao hadi nyumbani, na Kalonda atatuona tukipita.

Na Jumapili, padri akimaliza misa kabla watu hawajatoka, nitasimama. Huku kwetu bado wanasema ile letre ilikuwa ya wote, imetoka kwa watu. Nitawaambia imetoka kwa nani, na kila mmoja alitaka nini alipopiga kofi, kwa jina lake, kuanzia na langu na kiti changu chenye mgongo. Watakasirika. Labda wataninyima shule. Sawa. Nitalima mupunga, hata pamba nitalima. Lakini hawatakuwa tena na mtu wa kuwapangia mistari sawa.

Hiyo ndiyo ahadi. Ni ndogo na imechelewa, najua.

Pumzika katika udongo wako, Mama, karibu na Baba. Hapo hakuna mwenye kukuhesabia siku.

Mimi, yule mpumbavu wako uliyerudi kumpikia,

Stefano